Hatua Kumi na Moja za Manga

Nyaramba,
Jumatatu, 3 Juni 2024

Kwa Mokeira,

Barua hii nimempa Thadeus, yule anayepeleka ndizi soko la Daraja Mbili huko mjini kila Jumatatu na Alhamisi. Jibu mpe yeye. Sitaki simu, maana maneno ya simu hukanwa, na haya nataka yabaki. Utaona pia nimeandika Kiswahili. Ekegusii ni lugha ya nyumbani, na tangu ulipokataa kuwa upande wangu sijui kama mimi na wewe bado tuna nyumba moja.

Sitazunguka. Tarehe 25 Julai wazee wanakaa na chifu huko Manga kuamua mpaka kati yangu na Jethro. Baada ya hapo kesi imekwisha, atakayeshindwa atanyamaza mpaka kufa. Wewe ndiye shahidi pekee aliyebaki. Mwaka 1998, marehemu baba alipotugawia shamba, mimi nilionyeshwa fungu langu siku ya kwanza na Jethro lake siku ya pili. Mzee alishikilia kwamba wana wawili hawaonyeshwi shamba siku moja, wasije wakaanza kupimana kwa macho hapo hapo. Siku zote mbili aliyeshika ncha ya kamba ni wewe, ukiwa na miaka tisa.

Siku yangu mzee alianzia kwenye mti wa mringaringa ulio kando ya barabara. Akateremka kuelekea mtoni hatua mia mbili, akakunja kuelekea mashariki hatua sitini, akapanda mti wa mpaka. Juu ya mti ni kwangu, chini ni kwa Jethro. Mzee alipofariki, 2014, miti ya miwati iliyojaa hapo ikafyekwa, na nilipokwenda kutazama nikakuta mti mwingine, hatua kumi na moja juu ya wangu, na Jethro anachimba mashimo ya kupanda chai mpaka hapo. Anasema huo ndio alioonyeshwa. Mti hautembei, Mokeira. Umetembezwa.

Nataka uandike na utie sahihi: ulipandwa mti mmoja, wa pili ameuongeza Jethro. Ni mistari miwili tu.

Mama amedhoofika. Anakaa kwa Jethro, kwa hiyo sijamwona tangu 2017, na sababu unaijua. Kila wiki anatuma mtu aniambie kwamba anataka kuwaona wanawe wakila chakula kimoja kabla hajalala. Nisaidie jambo hili liishe, na mimi nitakwenda kula.

Ni mimi kaka yako,
Anyona Ogeto


Kisii mjini,
11 Juni 2024

Kaka Anyona,

Barua imefika ikinuka ndizi. Umeniita shahidi, basi nitashuhudia, ila si kwa maneno uliyoniandikia tayari kama imla ya darasa la tatu.

Miti yote miwili aliipanda baba. Niliiona ikipandwa, na shimo la wa pili nililichimba mimi kwa kijiko cha mama, nikachapwa kwa kukipinda. Kamba ilikuwa ile ile ya katani, hatua zile zile, mahali pa kuanzia pale pale. Ila siku ya Jethro mzee aligeuza mpangilio. Alianza kwa kwenda mashariki, hatua sitini kando ya barabara, ndipo akateremka hatua mia mbili. Aliamini kabisa kwamba anarudi kwenye mti wa jana. Miwati ilikuwa imefunga, usingeona hatua tano mbele yako. Hakuuona, akapanda mwingine, akapangusa mikono akaenda nyumbani akiwa ameridhika.

Kwenye karatasi ya daftari, ukishuka kisha ukaenda kando, au ukienda kando kisha ukashuka, unafika mahali pamoja. Manga si karatasi. Kamba ya baba ililala juu ya udongo. Upande wako mteremko ni wa taratibu, kwa hiyo hatua mia mbili zilimfikisha mbali. Kwenye mstari wa Jethro mlima unaanguka ghafla, na hatua nyingi ziliishia kwenye huko kuanguka. Ndiyo maana mti wake uko juu ya wako. Katika jiometria, mwanya huo unaobaki baada ya njia mbili kukataa kukutana una jina. Tunauita torsheni. Sisi tumekuwa tukiuita wizi.

Kaka, ulimpiga Jethro kwa mpini wa jembe juu ya hatua hizo, na jicho lake la kushoto likaenda. Usiende mbele ya wazee kutafuta na la kulia. Futa kesi.

Dada yako,
Mokeira


Nyaramba,
16 Juni 2024

Kwa Mwalimu wa Chuo Kikuu,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama na nikiwa nimeketi, ladha ni moja.

Mimi nimefundisha mekanika katika chuo cha ufundi miaka ishirini na miwili. Torsheni naijua kwa mikono. Unabana nondo ncha moja, ncha ya pili unaipinda kama mtu anayekamua nguo. Nguvu ikizidi, inapasuka kwa mzunguko, unaona mpasuko umezunguka chuma kama mchirizi. Ekseli ya mashine ya kusaga mahindi hufa hivyo. Kuna nguvu, kuna urefu, kuna pembe, na kila kimoja kina kipimo chake. Nimezivunja nondo mbele ya wanafunzi wakapiga makofi. Katika miaka hiyo yote sijapata kuona torsheni ikihamisha mti wa mpaka.

Nikasema labda nimezeeka. Nikamwuliza Sylvanus, anayetufundishia hesabu. Akaniambia ipo torsheni nyingine tena, ya mistari: jinsi njia inavyokataa kulala kwenye ubao bapa na kujinyanyua, kama mmea unaotambaa ukizunguka mti. Sasa zimekuwa tatu. Nataka kujua ni ipi iliyokula shamba langu. Yangu napima kwa newton na mita. Yako unapima kwa nini, kwa machozi ya Jethro?

Wewe ulisomeshwa kwa chai ya lile shamba. Badala ya kurudisha shukrani umerudisha neno la kigeni lenye maana tatu ili mwizi apate pa kujificha. Siku ile ya jembe unanikumbusha kana kwamba nimesahau. Silali vizuri kwa ajili ya jicho lile. Lakini mtu akikuibia na ukampiga, angalau una sababu. Hiyo sababu usiniondolee kwa ubao na chaki.

Andika ile mistari miwili.

A. Ogeto


Kisii mjini,
24 Juni 2024

Anyona,

Kanisani kwetu Manga kuna akina Bochaberi watatu. Ukimwita mmoja wanageuka wote, lakini hakuna anayeingia kwenye nyumba ya mwenzake kulala. Torsheni ni hivyo. Yako inahusu kitu kinachopindwa: nondo, ekseli, waya. Ya Sylvanus inahusu njia na jinsi inavyoacha ubapa wake. Yangu inahusu ardhi pamoja na kanuni unayotembea nayo juu yake, yaani uelekeo unaoushika na hatua unayoihesabu. Kanuni ya baba ilikuwa dira ya jua na kamba chini. Kwa kanuni hiyo, mlima ule haukubali pembe nne zifunge. Hata wanafizikia wengine wanaitumia hii yangu, wakijaribu kuihusisha na mzunguko wa chembe ndogo mno zisizoshikwa kwa spana, na bado wanabishana. Hakuna aliyekuibia neno lako.

Umeuliza kipimo. Chukua mwanya, hatua kumi na moja, ugawanye kwa eneo ulilolizunguka, mia mbili mara sitini. Hicho ndicho kipimo chake pale kwetu. Ni kidogo sana. Hujawahi kukiona kwa sababu kwenye meza ya karakana ni sifuri.

Na kwa kuwa unadhani nimeitunga juzi ili nimwokoe Jethro, nimempa Thadeus tasnifu yangu ya uzamili, nakala ya jalada la buluu. Fungua ukurasa wa 41, mfano wa tatu, unaoitwa “shamba la mlimani”. Mringaringa umo. Mia mbili na sitini zimo. Kumi na moja imo. Watahini watatu waliikagua mstari kwa mstari, mmoja wao mtu mgumu kuliko wewe, na hakuna aliyepata kosa. Kaisome kwa utulivu, wewe ni msomi. Ukipata kosa niite mwongo mbele ya wazee wote.

Mokeira


Nyaramba,
30 Juni 2024

Mokeira,

Nimeusoma ukurasa wa 41 mara nne.

Ijumaa nilikwenda Manga mchana, Jethro akiwa amepeleka majani ya chai kituoni. Nilikuwa na kamba. Mkewe Esnah aliniona akaingia ndani, na mama alikuwa amelala. Nilipima kutoka kwenye mringaringa, chini kisha kando, nikafika kwenye mti wangu. Nikapanda tena, nikapima kando kisha chini, nikafika kwenye mti wa Jethro. Nikarudia, maana mwalimu hupima mara mbili. Uko sawa. Hakuna mtu aliyegusa mti wowote. Niliketi kati ya hiyo miti miwili mpaka suruali ikalowa.

Halafu nilifunga kitabu chako, nikaona jalada. Kazi ya wanafunzi huwa naangalia jalada kwanza, sijui kwa nini yako niliangalia mwisho. Limeandikwa Novemba 2016.

Jicho la Jethro ni Aprili 2017.

Nijibu hilo tu. Usinipe hesabu.

Anyona


Kisii mjini,
3 Julai 2024

Kaka,

Nilijua.

Nimekaa na neno hilo siku mbili nikitafuta la kuliweka mbele yake, sikupata. Nilipata jibu mwaka 2016, mwezi wa tano, kwenye meza ya maktaba. Nilikuwa natafuta mfano rahisi wa sura ya tatu nikakumbuka ile kamba. Nilicheka peke yangu mpaka wakanifukuza. Jioni ile nilishika simu niwapigie wewe na Jethro, na kabla sijabonyeza nikakumbuka jambo lingine.

Nilishika kamba siku mbili, Anyona. Mikono ilichubuka kwa katani. Mia mbili na sitini mara mbili, nilizihesabu kwa sauti kwa sababu mzee alipenda kusikia, na hakuna hatua hata moja iliyohesabiwa kwa jina langu. Nilimwuliza yangu inaanzia wapi. Alicheka, akasema ya kwangu inaanzia kwa mume nitakayempata. Wewe ulikuwepo. Ulicheka pia. Sheria ya nchi ilipobadilika ikasema binti ana haki, mzee alikuwa hai bado, na ninyi wawili mlikuwa watu wazima mnaosoma magazeti. Hakuna aliyefungua mdomo. Alipokufa mkaanza kupigania kipande ambacho hata kuku wangekizunguka kwa dakika moja, na kila mmoja akinipigia simu nimsemee. Nikasema moyoni: wagombane. Wana shamba, wana na sauti, wagombane mpaka wachoke.

Kwa hiyo niliandika mfano, nikaupa jina zuri, nikapata shahada. Nilidhani mtatukanana. Sikudhani jembe. Jethro alipopelekwa hospitali nilikuja, nikakaa kwenye benchi na Esnah, na jibu lilikuwa kwenye mkoba wangu, nakala iliyotoka kujaladiwa, na sikulitoa. Wakati huo ningelitoaje? Ningesema nini kwanza? Kila mwaka uliopita ulifanya mwaka uliofuata uwe mgumu zaidi kusema. Barua yako ilipokuja niliona nafasi ya kuimaliza bila mtu kujua nilianza lini. Nikakutumia kitabu kwa sababu ulinidharau, na nilikuwa nimevimba kichwa kiasi cha kusahau jalada.

Sikuliondoa jicho lile mimi. Ulikuwa mpini wako na mkono wako. Lakini sitasema sikuhusika.

Usimwambie Jethro. Au mwambie. Sijui ninaomba nini.

Mokeira


Kisii mjini,
28 Julai 2024

Kaka Anyona,

Nimemwuliza Thadeus mara tatu, anasema hujampa kitu. Tarehe 25 imepita na sijui wazee walisema nini. Jana nilipanda mpaka Nyaramba. Mkeo alinikaribisha chai, akaniambia siku hizi uko Manga kila Ijumaa, hurudi mpaka Jumapili. Nilimwuliza unafanya nini huko. Alisema, “Anakula kwa ndugu yake,” kisha akaanza kupepeta maharagwe yaliyokwisha kupepetwa.

Ninafurahi. Nataka ujue kwamba ninafurahi. Lakini niandikieni hata mstari mmoja, hata wa matusi.

Mokeira


Manga,
4 Agosti 2024

Kwa dada Mokeira,

Mimi ni Jethro. Sijawahi kukuandikia barua, kwa hivyo vumilia huu mwandiko, jicho moja halishiki mstari vizuri na Kiswahili changu ni kile cha darasa la saba. Anyona amesema niandike mimi. Amesema yeye akianza hatamaliza.

Alikuja Ijumaa ya tarehe tano Julai, tukiwa tunachuma. Nilishika panga. Alikuwa na kitabu cha buluu na barua yako, na hakusogea. Alisoma hiyo ukurasa kwa Kiingereza, nikamwambia sijaelewa, akasoma tena kwa Ekegusii akichora chini na kijiti. Hiyo ya pili niliielewa. Tukachukua kamba, yeye ncha moja na mimi ncha moja, na mimi mwenyewe nikahesabu. Tulifika kwa mti wake. Tukarudi tukafika kwa mti wangu. Nikasema kumbe mzee ndiye alitukosanisha. Anyona akasema hapana, mzee hakujua. Kisha akanipa barua yako.

Nilikuwa nimemwekea Anyona hasira ya miaka saba. Hapo alikuwa anapiga magoti kwa majani yenye umande, mtu wa miaka hamsini na moja, na hiyo hasira nikaitafuta nimpe, nikakuta imeniacha imeenda mjini kwako. Nilimwinua. Esnah alipika obokima, ugali wetu wa wimbi, na mboga ya chinsaga. Mama aliona sisi wawili tukitoa kwa sahani moja akasema sasa anaweza kuugua bila wasiwasi.

Kwa chifu hatukuwa na kesi. Tulienda na kusema mpaka ni huu na huu, na hapo katikati ni kwa Mokeira. Kile kipande cha pembe tatu, hatua sitini kwa kumi na moja. Wazee walishangaa, lakini waliandika na sisi tukatia sahihi. Nimeng'oa chai yangu yote iliyokuwa hapo. Ni chako. Hatukupi kwa sababu ya sheria na hatukupi kwa sababu umeomba. Tumekupa kwa sababu hatuwezi tena kukanyaga hapo.

Sasa jambo lenye nimeandikia. Mama aliuliza ni nani alimaliza huu ugomvi. Anyona akasema ni Mokeira, kwa masomo yake. Mama alilia. Sabato iliyofuata alisimama kanisani na fimbo yake, wakati wa ushuhuda, akasema watu walimcheka akisomesha msichana, na sasa msichana amewarudisha wanawe mezani. Kanisa lote lilisema amina. Wamama waliimba. Tulipofika nyumbani akaniuliza kama ulikuwa umelijua hilo jambo kitambo. Anyona alinitazama. Nikamwambia mama hapana, umelipata mwaka huu. Nilisema uongo siku ya Sabato, wa kwanza tangu nibatizwe, na nilisemea wewe.

Anataka kukubariki. Amefuga jogoo, hataki mtu mwingine amguse. Siku ni Sabato ya tarehe 17, baada ya kanisa. Itabidi uje, kwa sababu usipokuja atauliza na mimi sina uongo wa pili. Utapigiwa vigelegele. Pasta atakuomba useme neno, na utasema asante. Utaonyeshwa shamba lako na mama atakushika mkono mkiwa hapo katikati ya miti.

Kisha tutakula. Anyona atakaa karibu na mama. Wewe utakaa karibu na mimi, hivyo ndivyo mama amepanga na hatutambishia. Kaa upande wangu wa kushoto, huko hakuna jicho, nisikuone.

Jethro Ogeto